Alama Hii Imetoka kwa Nani?

Kwenye kampuni za utalii za Moshi na Arusha, masika ndiyo wakati wa kuhesabiana. Wageni wamepungua, magari yako gereji, njia za mlimani zimejaa tope, na wakubwa wanapata nafasi ya kukaa na kuulizana nani aongezwe mshahara, nani apewe mkataba msimu ujao, nani aachwe. Zamani kikao hicho kilikuwa na mafaili na chupa ya chai. Siku hizi kina skrini ukutani. Kuna programu inayosoma maoni ya wageni mtandaoni, barua pepe za watu wa mauzo, mwendo wa magari na saa za kuingia ofisini, kisha inatoa orodha ya majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Chini ya kila jina kuna aya fupi inayoeleza huyu ana uwezo gani na anapungukiwa nini. Aya hiyo imeandikwa na akili unde (AI), kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja.

Nimekaa kwenye meza ya rasilimali watu katika sekta hii miaka mingi. Programu za namna hiyo nimezitumia. Moja nimeitetea mbele ya wafanyakazi walioiogopa, nyingine nimeipinga mbele ya mkurugenzi aliyekuwa ameshailipia. Msimamo wangu ni huu: kompyuta ikusanye, ihesabu, hata ipendekeze, lakini alama inayogusa riziki ya mtu lazima iwe na mwenyewe. Awepo binadamu mwenye jina, ambaye ukimuuliza "kwa nini?" anakujibu kwa kinywa chake, na ukimwonyesha kwamba amekosea ana uwezo wa kuibadilisha.

Kabla sijaisema kompyuta, niseme tathmini tulizokuwa nazo, maana wanaozililia leo wamesahau zilivyokuwa. Serikalini, mfumo wa tathmini ulioitwa OPRAS uliingia mwaka 2004 ukiwa na wazo zuri: badala ya bosi kuandika ripoti ya siri ambayo hutaiona, wewe na msimamizi wako mnakubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, mnapitia katikati, mnamalizia mwishoni kwa uwazi. Kila aliyefanya kazi huko anajua yaliyotokea kwenye ofisi nyingi. Fomu zilijazwa zote kwa mkupuo tarehe zikikaribia, malengo yakinakiliwa kutoka fomu ya mwaka uliopita. Katika mwaka wa fedha 2023/24 serikali ikahamia PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo mtumishi anaingiza majukumu na utekelezaji wake mwenyewe na msimamizi anayapitia humohumo.

Sekta binafsi hata fomu zilikuwa hazipo. Bosi alitathmini kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya binadamu hukaa na mambo ya wiki mbili zilizopita. Kuna waliopanda kwa sababu wanasali kanisa moja na mkurugenzi. Kuna waliopanda kwa sababu wanajua kuongea kwenye kikao. Mwanamke aliyerudi kutoka likizo ya uzazi alikuta nafasi yake ina mtu, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba kabla ya kuondoka alikuwa anafanya kazi ya watu wawili. Kwa hiyo mfanyakazi anaposema "afadhali kompyuta, haina ndugu," simshangai. Anatafuta haki, na ana sababu.

Hata mimi haki hiyo nimeiona ikitendeka. Kwenye ofisi moja ya mauzo Arusha, maeneo ya Njiro, kulikuwa na kijana mchangamfu ambaye kila mtu aliamini ndiye nguzo ya ofisi, na dada mmoja mpole ambaye kwenye vikao alikuwa haongei mpaka aulizwe. Mfumo ulipoanza kuhesabu nani anajibu maulizo ya wageni, nani anarudi kufuatilia, na nani anafikisha mgeni hadi kulipa, ilionekana wazi kwamba dada yule alikuwa amebeba sehemu kubwa ya mapato ya kampuni kimya kimya. Mwaka ule alipandishwa. Bila zile hesabu asingepandishwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Lakini kwenye ofisi hiyohiyo, mfumo huohuo ulimweka mwenzake karibu na mwisho wa orodha kwa kosa la kuchelewa kujibu. Tukaanza kuchunguza. Huyu alikuwa amepewa soko la Marekani. Mtu wa California akiandika barua pepe saa nane mchana kwao, hapa ni saa sita au saa saba usiku. Programu ilianza kuhesabu dakika ileile barua ilipoingia, na ikamhesabia saa zote alizolala nyumbani kwake. Kurekebisha kulichukua muda mfupi, unaingiza saa za kazi kwenye mipangilio basi. Ila ilibidi kwanza mtu aione ile alama, asiiamini, aulize. Kama kikao kingeenda na orodha kama ilivyo, dada wa soko la Marekani angeitwa mvivu kwa sababu ya mzunguko wa dunia.

Hayo ni ya ofisini, na ya ofisini hurekebishika. Mambo yanakuwa mazito ukipanda mlimani.

Kuna mwongozaji mmoja, mtu mzima, mwenyeji wa Marangu, aliyeanza Kilimanjaro akiwa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba vyombo vya jikoni, akapanda hadi kuwa mwongozaji mkuu. Msimu mmoja alikuwa na mgeni ambaye tangu kambi ya Karanga alikuwa anakohoa. Usiku wa kilele walitoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kabla ya saa sita kama ilivyo kawaida. Mbele kidogo kikohozi kikawa cha majimaji, na kifua kikawa kinakoroma hata akiwa amesimama. Mwongozaji akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo yake, akamwambia atembee juu yake kisigino kikigusa kidole. Mgeni akayumba, akakaa chini. Akamvika kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni. Kikasoma asilimia 58, chini mno.

Mapafu yakianza kujaa maji kwa sababu ya mwinuko hakuna cha kusubiri. Tiba ya kwanza ni kushuka, na kushuka wakati huohuo. Mgeni akakataa. Akasema ameweka akiba miaka kwa ajili ya siku hii, akasema anajisikia vizuri, akalia, akatukana. Mwongozaji akamshika upande mmoja, msaidizi upande wa pili, wakageuka. Kulipokucha walikuwa kambi ya Millennium, mita mia kadhaa chini ya Barafu, na mgeni alikuwa anapumua bila kukoroma na anaomba chai.

Alipofika kwao aliandika maoni yake mtandaoni. Nyota mbili. Kwamba mwongozaji alimkatisha ndoto yake wakati yeye alikuwa na uwezo wa kufika.

Programu ikayasoma maoni hayo kama inavyosoma yote. Ikaokota kwamba mgeni hakufika kileleni, kwamba hakuridhika, kwamba kuna malalamiko kuhusu mawasiliano. Mwongozaji wa mlima hapandishi vikundi vingi kwa msimu, kwa hiyo maoni mabaya ya mtu mmoja yanauvuta wastani wake chini kwa nguvu kuliko yanavyomvuta mtu wa mauzo anayehudumia mamia. Jina lake likateremka hadi mwisho wa orodha. Chini yake aya ya akili unde ikapendekeza apewe mafunzo ya kuhudumia wateja na kutia moyo.

Aliitwa ofisini, nami nilikuwepo. Alikuja na daftari lake, lile la jalada la plastiki linalokaa mfuko wa ndani wa koti lisilowe. Ndani, kila mgeni ana ukurasa wake: asubuhi na jioni, oksijeni, mapigo ya moyo, amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, kichwa kinauma au hakiumi. Kambi ya Shira, oksijeni 86. Barranco 84. Karanga 76, na pembeni kwa penseli ameandika "kikohozi". Barafu 70. Halafu 58, na mistari miwili chini yake. Akalifungua mezani, akaligeuza lielekee upande wa meneja.

"Bosi, soma mwenyewe."

Meneja alisoma ukurasa wote, taratibu. Ni mtu muungwana na aliuelewa. "Mzee wangu, mimi nimekuelewa," akasema. "Ila mfumo ndio umeshatoa."

Neno lile nimeendelea kulisikia kwenye ofisi nyingine, kwa sauti ileile ya mtu anayesikitika na wakati huohuo amepumzika. Mfumo ndio umetoa. Daftari lilikuwa mezani, ushahidi kamili kwamba mtu huyu amefanya kazi yake kwa kiwango cha juu kabisa, na hapakuwa na mahali pa kuliweka. Programu ilikuwa na kisanduku cha maelezo ya msimamizi, lakini maelezo hayo hayakubadilisha alama wala nafasi ya mtu kwenye orodha. Tuliwaandikia waliotuuzia. Wakajibu kwa adabu kwamba ombi limepokelewa na litaangaliwa kwenye toleo lijalo. Orodha ikabaki ilivyo, na mikataba ya msimu ikapangwa kwa kufuata orodha. Mwongozaji yule sasa anapandisha wageni wa kampuni nyingine, na hao waliompata wamepata mtu.

Dhuluma kwa mtu mmoja ni kubwa ya kutosha, lakini kuna jambo lililonikosesha usingizi zaidi. Waongozaji wanaongea. Wiki ileile kila mmoja alijua kwamba aliyegeuza mgeni ameshuka na waliofikisha wamepanda. Sasa mfikirie kijana aliyepata leseni juzi, ana mkopo wa pikipiki na mtoto mchanga, anajua nyota ndizo mkataba. Yuko mita 5,200 saa tisa usiku, mgeni anamsihi, kifaa kinasoma namba mbaya. Hakuna aliyemwambia amsukume mgeni. Tumempa tu sababu ya kungoja nusu saa zaidi aone kama atapata nafuu, na nusu saa kwenye mwinuko ule inaweza kuwa ndiyo yenyewe.

Wachumi wana kanuni inayobeba jina la Charles Goodhart, Mwingereza aliyeiandika mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: kipimo kikishageuzwa kuwa shabaha, kinaharibika kama kipimo. Pale Uingereza kilichokuwa kinapimwa ni wingi wa fedha kwenye uchumi. Huku kwetu kinachoharibika ni uamuzi wa mwongozaji gizani, na huo ndio kitu pekee ambacho mgeni analipia bila kujua.

Kuna la pili kuhusu mlima ambalo mtu asiyeujua hawezi kuliona kwenye jedwali. Kampuni nyingi hupenda kupima waongozaji kwa asilimia ya wageni waliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Inaonekana kipimo cha haki, wamefika au hawajafika. Lakini anayepanda kwa njia ya Marangu kwa siku tano anaupa mwili muda mchache sana wa kuzoea hewa nyepesi kuliko anayepitia njia ya Lemosho kwa siku nane. Wageni wa siku nane wanafika kwa wingi zaidi hata kama mwongozaji wao ni wa kawaida. Ukiweka waongozaji wote kwenye orodha moja, unapima njia na siku halafu unaziita jina la mtu. Na kwenye ofisi nyingi safari fupi za bei ya chini hupewa waongozaji ambao hawana mtu wa kuwasemea. Kwa hiyo mfumo unachukua upendeleo wa zamani, ule wa kupanga nani apewe kikundi gani, na kuurudisha ukiwa umevaa namba.

Madereva wa safari nao wana yao. Kifaa kwenye gari kinarekodi mwendo na breki za ghafla, na kwa upande wa mwendo nakiunga mkono bila kusita, kimewatuliza watu waliokuwa wanakimbiza wageni. Ila breki ya ghafla kwa ajili ya mbuzi waliokatiza barabara Makuyuni inahesabiwa sawa na breki ya mtu aliyekuwa anachezea simu. Na lami ikiishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, gari linaanza kutikisika kwenye ile barabara ya kuelekea Serengeti kiasi kwamba kifaa kinaandika mitikisiko mfululizo. Dereva mmoja alituambia, kwa heshima zote, twendeni naye siku moja tukae kiti cha nyuma. Alikuwa anaomba kitu kilekile: mwenye kutoa alama aione kazi.

Tusidhani haya ni matatizo ya nchi changa. Desemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Ufaransa iliitoza kampuni ya maghala ya Amazon nchini humo faini ya euro milioni 32 kwa kuwafuatilia wafanyakazi kupita kiasi. Vile vifaa vya mkononi vya kusomea mizigo vilikuwa vinarekodi kila dakika ambayo mfanyakazi hakugusa kitu, na hata kumwekea alama aliyesoma mzigo chini ya sekunde 1.25 baada ya ule uliotangulia, kwamba huenda amefanya haraka mno. Ukichelewa kosa, ukiwahi kosa. Mamlaka ilisema ufuatiliaji wa namna hiyo unamlazimu mtu kujieleza kwa kila anaposimama.

Kule Houston, Texas, walimu walikuwa wanapimwa kwa fomula ya kompyuta iliyokokotoa mchango wa kila mwalimu kwenye matokeo ya wanafunzi wake. Fomula ilikuwa siri ya kampuni iliyoitengeneza. Mwalimu aliyepewa alama mbaya hakuwa na njia ya kurudia hesabu aone kama ni sahihi. Chama chao kikaenda mahakamani, na mwaka 2017 jaji akaona wana hoja ya kusikilizwa: mtu hawezi kujitetea dhidi ya namba asiyoweza kuikagua. Wilaya ile ya elimu ikamalizana nao nje ya mahakama na kukubali kutotumia alama za namna hiyo kuwaachisha walimu kazi. Nikisoma habari ile ninaliona daftari la jalada la plastiki. Mzee yule alikuwa na hesabu zake zote, zinazokagulika na yeyote. Waliokuwa hawana cha kukaguliwa ni sisi tulioshika orodha.

Na Amsterdam, Aprili 2023, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya madereva wa Uber waliofungiwa akaunti kwa tuhuma za udanganyifu. Kampuni ilidai kuna watu waliopitia maamuzi yale. Mahakama haikuridhika, ikaona kwamba mkono wa binadamu ulikuwa wa ishara tu. Hukumu hiyo inatuhusu sana, maana utetezi ninaousikia kila siku Moshi na Arusha ni kwamba "mwisho wa siku meneja ndiye anayesaini." Anasaini nini? Kama hakusoma kilichoingia, hana uwezo wa kubadilisha kinachotoka, na hajazungumza na mhusika, basi sahihi yake ni wino tu.

Kuna matumizi mengine ya akili unde ambayo hayaji na muuzaji wala mkataba, yanaingia kwa simu ya bosi. Siku ya kukabidhi tathmini inakaribia, meneja ana watu wake wote hajaandika hata mmoja. Anafungua ChatGPT, anaandika jina la cheo na "mzuri ila anachelewa", anapata aya tatu za Kiingereza kinachong'aa. Nimewaona mhasibu na mtunza stoo wamekaa kantini mchana, wali maharage pembeni, wameweka karatasi zao mbili sambamba mezani na wanafuatisha mstari kwa mstari kwa kidole. Aya ya pili ilikuwa ileile, neno kwa neno. Mtunza stoo, ambaye mwaka ule alikuwa amegundua wizi wa mafuta ya magari na kuusema bila woga, hakutajwa popote kwa jambo hilo. Aliikunja karatasi akaiweka mfukoni, akaniuliza swali ambalo sikuwa na la kumjibu: "Dada, hivi bosi ananijua?"

Simkatazi meneja kuomba msaada wa kupanga sentensi. Kiingereza cha ofisini kinawatesa wengi, na wapo wenye mambo ya maana ya kusema wanaoshindwa kuyaandika. Lakini mambo ya maana yatoke kwake kwanza. Andika kwa Kiswahili chako mistari mitano kuhusu alichofanya mtu huyu mwaka huu, vitu ulivyoviona, halafu iombe mashine ikutafsirie. Ukishindwa kupata mistari mitano, tatizo halipo kwenye lugha, na mfanyakazi ana haki ya kujua kwamba humjui ili mkae mzungumze.

Ofisi ninayofanya nayo kazi sasa ina mfumo, na nilishiriki kuuchagua. Tulimwambia muuzaji mapema kwamba hatutaki orodha ya kwanza hadi wa mwisho, na kwamba kila alama lazima ifunguke ionekane imetokana na nini. Waongozaji wanalinganishwa na wenzao wa njia moja na idadi moja ya siku, si vinginevyo. Safari yoyote ambayo mgeni aligeuzwa kwa sababu za afya inaondolewa kabisa kwenye alama na kupelekwa kwa waongozaji wakuu watatu, watu wa kazi, wanaokaa na madaftari na kusema kama uamuzi ulikuwa sahihi. Ukiwa sahihi unaandikwa kwenye faili kama sifa. Tangu tuanze hivyo vijana wameanza kujaza madaftari yao vizuri zaidi, kwa sababu wanajua yanasomwa. Mfanyakazi anaona taarifa zake zote kabla ya kikao, na anaweza kuandika pingamizi kwa Kiswahili. Mwisho wa karatasi kuna jina la aliyeamua, si la idara. Inachukua muda mrefu kuliko kubonyeza. Mkurugenzi alilalamikia muda huo, nikamwambia masika tunao.

Bado kuna watu ambao mfumo wetu haujui kama wapo. Wagumu. Mtu anayebeba mzigo wa kilo 20 hadi Barafu, anayefika kambini kabla ya mgeni na kumsimamishia hema, hana ukurasa popote. Anachukuliwa safari kwa safari, mara nyingi langoni asubuhi ileile. Muuzaji alipendekeza tuwaingize kwa kuwaomba wageni wawape nyota, na nilikataa kwa nguvu zangu zote, maana wageni wengi hushuka bila kujua majina yao. Nataka waingie, lakini waingie kwa kuanza na rekodi ya safari walizobeba, uzito uliopimwa na malipo waliyopewa, vitu vitakavyowasaidia wao kudai, kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwapa alama. Hapo bado tunavutana.

Kwa wenye mikataba, sheria yetu ina meno kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayemwachisha mtu kazi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinaeleza kinachoangaliwa mtu akiachishwa kwa utendaji mbovu: je, kiwango kilichotakiwa kilikuwa cha haki? Je, mfanyakazi alikijua? Kwa nini hakukifikia? Alipewa maelekezo na nafasi ya kutosha kujirekebisha? Orodha iliyotemwa na kompyuta haijibu hata swali moja kati ya hayo. Kinga hiyo, kwa bahati mbaya, haiwafikii walio chini ya miezi sita kazini. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa uamuzi mzito dhidi yako ufanywe na mashine peke yake.

Kwa hiyo ukiitwa na kuonyeshwa alama usiyoielewa, usigombane na mtu. Omba kwa maandishi taarifa zilizotumika, kipindi kilichohesabiwa, na jina la aliyeamua. Kwenye kikao cha utendaji una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama akusimamie, mchague anayeijua kazi yako. Nenda na daftari lako, au chochote ulicho nacho chenye tarehe. Kama umeshapewa barua ya kuachishwa, unazo siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa. Watu wengi huzimalizia nyumbani wakingoja bosi apunguze hasira. Chukua fomu mapema, jaza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.